Gari la Boksi Linalokwenda Mbeya

Safari hii nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tuliliacha siku ile tulipopata barua ya kwanza ya ajira. Nalo ni kuwaza vitu ambavyo havipo.

Jumamosi moja nilikwenda kumtembelea dada yangu Temeke. Mtoto wake wa mwisho, ana miaka sita, alikuwa uani anasukuma gari la boksi. Matairi ni vipande vya kandambili, usukani ni kifuniko cha ndoo ya rangi. Nikamtania, "Dereva, tunaelekea wapi?"

"Mbeya."

"Na injini iko wapi?"

Akasimama, akaniangalia kwa huruma kama anayemwangalia mgonjwa. "Mamdogo, kwani wewe huioni?"

Dada akacheka, nami nikacheka. Lakini kwenye daladala ya kurudi nyumbani swali lile liligoma kunitoka kichwani. Wiki hiyo hiyo mimi na mume wangu tulikuwa tumekubaliana kuuza kiwanja chetu cha Chamazi.

Kiwanja hicho tulikinunua mwaka wa kwanza wa ndoa. Kila Jumapili tulikuwa tunapanda daladala mpaka kule, mwenzangu anaokota kijiti na kuchora chini: hapa sebule, hapa jiko, hapa kibaraza atakachokaa mama yako akija. Mimi napinga, nataka jiko liwe upande wa mwembe. Tunagombania dirisha la nyumba isiyo na hata tofali moja! Wapita njia walikuwa wanatushangaa, na sisi tunacheka mpaka machozi.

Kisha maisha yakashika kasi. Ada, kodi ya nyumba, LUKU, michango ya harusi za watu. Sikumbuki Jumapili ya mwisho ilikuwa ipi. Mazungumzo yetu mezani yakageuka kikao cha wahasibu: umelipa nini, kimebaki nini. Mnunuzi alipojitokeza, tulijadili bei kwa dakika kumi tu, tukamaliza. Hatukubishana. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hatukuwa tena na kitu cha kubishania.

Najua utaniambia, "Dada, hizo si ndoto za Alinacha?" Sawa. Lakini hebu mkumbuke vizuri yule jamaa. Kosa lake halikuwa kuwaza utajiri. Kosa lake lilikuwa kupiga teke vyombo vyake vya vioo kabla hajauza hata kimoja. Sisi tumechukua hadithi ya mtu mzembe tukaifanya sheria ya kumkataza kila mtu kuwaza.

Na tungekuwa wapi kama wote wangeitii sheria hiyo? Mjomba wangu mdogo, yule wa gari la boksi, alisema anakwenda Mbeya. Ukipita makutano ya Barabara ya Nyerere na Mandela utaiona stesheni ya TAZARA, ambako reli ya kwenda huko inaanzia. Miaka ya 1960 Zambia ilikuwa haina njia ya uhakika ya kupeleka shaba yake baharini bila kupita kwa serikali za walowezi kusini. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda wakawaza reli itakayotoka Dar es Salaam hadi katikati ya Zambia. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi wakapiga hesabu, wakasema haitalipa. Hesabu zao zilitazama kilichokuwepo, na kilichokuwepo kilikuwa pori, mito na milima.

Mwaka 1967 mkataba ukasainiwa na China, ambayo ilitoa mkopo usio na riba. Ujenzi ukaanza 1970, mwaka 1975 reli ikawa imefika Kapiri Mposhi, kilometa 1,860. Mwaka uliofuata ikakabidhiwa rasmi. Ni kweli, baadaye ikaandamwa na uhaba wa vichwa vya treni na madeni. Hapo pia pana somo. Kuwaza kunaanzisha safari, lakini hakubadilishi mataruma yaliyooza. Kitu kilichojengwa kwa ndoto kinataka matunzo ya kila siku, kama ndoa.

Usidhani haya ni ya marais tu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama wengi wetu. Alifanya vibarua, na hakusomea uchoraji chuo chochote. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli. Wewe na mimi tungeona hadibodi tukafikiria dari. Yeye aliona chui na ndege wa rangi ambazo Mungu hakuwapa. Akaziuza pale Morogoro Stores, Oysterbay, akawafundisha na ndugu na jamaa zake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka michache tu, lakini leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani, na familia nyingi mjini hapa zimesomesha watoto kwa brashi hiyo.

Sasa tuje kwetu, vijana wa ofisini. Tunajisifu kuwa watu wa kuangalia uhalisia. Mtu akileta wazo kazini, tunauliza bajeti kabla hajamaliza sentensi. Mwenza akisema "hivi tungekuwa na duka letu," tunamjibu "kwa hela gani?" Ni swali la haki, ila likitangulia kila mara, mwenzako atajifunza kunyamaza. Na mkishanyamaza, mnabaki wapangaji wawili wanaochangia bili.

Ushauri wangu ni mdogo. Tafuteni hata nusu saa kwa wiki, simu pembeni, muulizane swali moja lisilohusu fedha za mwezi huu. Tukizeeka tutaishi wapi? Ungeanza upya, ungesomea nini? Kwa nusu saa hiyo neno "haiwezekani" likae nje pamoja na viatu. Hesabu mtapiga kesho yake, na mzipige kweli, msije mkawa Alinacha.

Mimi nilimsimulia mume wangu habari ya injini. Hakusema kitu. Jumapili iliyofuata akaniambia, "Vaa viatu vya kutembelea." Chamazi tulikuta majani yamefika magotini na alama zetu zote zimefutika. Akasimama muda mrefu, kisha akaokota kijiti. "Kile kibaraza," akauliza, "tulikiweka upande gani vile?"

Nikamwonyesha. Akasema sivyo, kilikuwa upande wa pili. Tukabishana mpaka jua likaanza kuzama.

Mnunuzi bado anapiga simu, na shida za fedha zipo pale pale. Huenda mwishoni tukauza. Lakini safari hii tutajua tunauza nini.

Tukutane mwezi ujao. Msalimie mwenzako, na umuulize kama anaiona injini.