Kupita Mara Moja Si Kujua

Wako wenzetu wasemao kwamba mwanadamu amekwisha kuzijua sayari zote za jua, kwa kuwa vyombo vyake vimekwisha kuzifikia zote. Msemaji atoaye maneno hayo katika mdahalo hupigiwa makofi. Mimi sikubaliani naye. Kufika ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine. Apimaye mvua siku moja tu hawezi kutueleza habari za masika.

Na tuanze na umbali wenyewe. Dunia yetu iko kilometa milioni 150 kutoka kwenye jua. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote, iko kilometa milioni 778. Zohali iko kilometa bilioni 1.4, Uranusi bilioni 2.9, na Neptuni bilioni 4.5. Mwanga wa jua hutufikia sisi kwa dakika 8 hivi, lakini kufika Neptuni huchukua zaidi ya saa 4. Mawimbi ya redio nayo huenda kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo fundi aliyeko duniani hawezi kukiongoza chombo kilichoko huko kama dereva aongozavyo motokaa. Akituma amri asubuhi, jibu atalipata jioni. Hapana budi chombo kifundishwe kazi yake mapema, kisha kiachwe kiifanye peke yake.

Shida ya pili ni nguvu za kuendeshea mitambo. Mwanga wa jua ufikao Mshtarii ni kama sehemu moja tu ya 27 ya ule tuupatao sisi, na ule wa Neptuni ni sehemu moja ya 900. Chombo kiitwacho Juno, kilichorushwa mwaka 2011 na kufika Mshtarii mwaka 2016, kiliweza kutumia mwanga huo hafifu kwa sababu kilipewa mabamba makubwa mno. Lakini vyombo vyote vilivyofika mbali zaidi ya hapo vilipata umeme kutokana na joto la plutoni, nayo hutengenezwa kwa taabu na kwa kiasi kidogo.

Shida ya tatu ndiyo isiyofikiriwa na wengi, nayo ni kusimama. Chombo kiendacho upesi huhitaji mafuta mengi ili kipunguze mwendo na kushikwa na sayari. Kikichukua mafuta mengi, kitakuwa kizito na kuondoka kwake kutakuwa kugumu. Na kikienda polepole, mitambo yake huzeeka njiani. Cassini, kilichorushwa mwaka 1997, kilisafiri karibu miaka 7, na kilipofika Zohali mwaka 2004 kililazimika kuwasha injini yake kwa dakika 96 ili kisiipite sayari ile moja kwa moja.

Voyager 2 haikusimama popote. Iliondoka mwaka 1977, wakati sayari kubwa zilipokuwa zimejipanga kwa namna ambayo hutokea mara moja tu katika muda wa miaka 175 hivi, na kila sayari iliirusha mbele kuelekea nyingine kwa nguvu zake za uvutano. Iliipita Uranusi tarehe 24 Januari 1986, na Neptuni tarehe 25 Agosti 1989. Tangu siku hizo hakuna chombo kingine kilichofika huko.

Sasa na tujiulize: tunaijua Uranusi? Sayari ile imelala ubavu, na mwaka wake mmoja ni miaka 84 yetu. Voyager 2 ilipopita, ncha ya kusini ilikuwa imeelekea jua, na sehemu kubwa ya upande wa kaskazini ilikuwa gizani. Nusu nzima ya sayari, pamoja na nusu ya miezi yake, haikuonekana vema. Tena mwaka 2024 wataalamu waliochunguza upya habari zile za 1986 walieleza kwamba, siku chache kabla ya chombo kufika, upepo wa jua ulikuwa umeibana sana nguvu ya sumaku izungukayo sayari ile, hali ambayo hutokea kwa nadra. Yaani kwa muda wa miaka karibu 40 vitabu viliieleza sayari kwa jinsi ilivyokuwa siku moja isiyo ya kawaida!

Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walipendekeza kwamba safari kubwa ya kwanza kuanzishwa iwe ya chombo cha kukaa Uranusi na kuizunguka. Wako watakaouliza: fedha hizo zisijenge hospitali? Swali hilo ni la haki, na kila taifa lijibu kwa mfuko wake. Lakini tusidanganyane kwamba kazi ile haina maana. Kati ya sayari zilizogunduliwa zikizunguka nyota nyingine, nyingi zina ukubwa ukaribiao wa Uranusi na Neptuni. Asiyemjua jirani yake atawajuaje watu wa mbali?

Hata hivyo, kwa maoni yangu, shida kubwa kuliko zote si mafuta wala umeme. Ni subira ya watu. Aandikaye leo hesabu za safari ya Uranusi huenda akawa amestaafu chombo kitakapofika. Mwaka 2023 Voyager 1 ilianza kutuma maneno yasiyo na maana. Mafundi, ambao wengine hawakuwa wamezaliwa ilipoondoka, walirudia maandishi ya zamani, wakatambua mahali palipoharibika, na mwaka 2024 habari zikaanza kusomeka tena. Kama wazee wale wasingaliandika kazi yao vizuri, ufundi wote wa vijana usingalifaa kitu.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi tusio na roketi. Shule nyingi zina kipimo cha mvua, na daftari lake lina kurasa tupu kila likizo na kila darasa linapomaliza. Basi napendekeza kwamba katika shule yetu kila Kidato cha Tatu kikabidhi daftari hilo kwa Kidato cha Pili mbele ya mwalimu, na wakati wa likizo wapangwe wanafunzi wakaao karibu kulijaza. Baada ya miaka 20 wadogo zetu watakuwa na habari za kweli za mvua ya mahali hapa, wala hawatazikisia kwa kukumbuka msimu mmoja. Nasi tutakuwa tumejifunza ile kazi ambayo chombo chochote cha mbali huitegemea: kuanza jambo ambalo mwingine atalimaliza.