BARUA YA ITUMBE: Mnyoo Unaoonekana na Mnyoo Usioonekana



Juma lililopita nilipita nyumbani kwa jirani yangu hapa Itumbe, nikamkuta mama mwenye nyumba akimwaga omena uani, gorogoro nzima aliyoinunua sokoni siku ile ile, na kuku wakizigombania. Nilipomwuliza sababu, alinionyesha kisamaki kimoja ambacho tumbo lake lilipasuka alipokuwa akiziosha, na ndani yake mlikuwa na mnyoo mweupe, bapa kama utepe. Akaniambia, "Bwana Karani, tazama kwa macho yako. Tangu leo watoto wangu hawatatia samaki kinywani."

Kabla jua halijatua habari ile ilikwisha kuenea kijijini. Mzee mmoja mwenye bwawa la samaki alisema kwamba heri alifukie, apande majani ya ng'ombe, maana nani atanunua samaki wake? Basi nikaona si vema kunyamaza. Mimi si daktari, kazi yangu ni kalamu. Lakini jambo hili wataalamu wamelichunguza kwa miaka mingi, na yale waliyoyaandika yafaa kufika katika kila jiko.

Mnyoo aliouona mama yule huitwa Ligula, nao umejulikana siku nyingi katika omena za Ziwa Victoria. Maisha yake ni haya. Yai huanguka majini pamoja na kinyesi cha ndege. Likianguliwa, mtoto wake humezwa na kijidudu kidogo mno cha majini, na kijidudu hicho huliwa na samaki. Ndani ya samaki mnyoo hukua hata tumbo likavimba. Samaki aliyedhoofika hivyo hunaswa upesi na ndege mla samaki, kama mnandi, na ndani ya ndege huyo mnyoo hukomaa na kutaga mayai. Kwa hiyo makao yake ya mwisho ni tumbo la ndege, wala si la binadamu, na ukiisha kupikwa vema hauna madhara. Mwenye kinyaa na autoe autupe, lakini gorogoro nzima haina hatia.

Hatari iliyo kubwa hutoka kwa minyoo ambayo jicho haliioni. Kaskazini mashariki ya nchi ya Thailand watu wengi hupenda kula samaki wa maji baridi akiwa mbichi, amekatwakatwa na kutiwa ndimu na pilipili. Ndani ya nyama ya samaki hao hukaa vijitoto vya mnyoo wa ini, vidogo kupita chembe ya mchanga. Mtu akivila, huingia katika mifereji ya nyongo na kuishi humo miaka mingi, pengine kumi na zaidi. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la kuchunguza saratani liliuandika mnyoo huo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Dawa ya kuutoa ipo, nayo ni prazikwanteli, ile ile inayotolewa kwa kichocho. Lakini wengi waliotibiwa walirudia sahani ile ile, na mnyoo nao ukawarudia.

Msiseme Thailand ni mbali. Maji ya mto wetu Gucha huingia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hutoka kwa mto Nile kwenda Misri. Huko Misri, karibu na bahari, watu wamepatwa na minyoo midogo ya utumbo kwa kula samaki aliyetiwa chumvi bila kupikwa. Hapo tunapata fundisho kubwa: chumvi kidogo, ndimu, pombe, moshi hafifu na jua la siku moja haviwezi kuaminiwa kuua minyoo. Kinachoaminika ni moto. Barafu pia huua, lakini ni ile kali ya nyuzi 20 chini ya sufuri kwa muda wa siku 7, na sanduku la barafu la nyumbani mara nyingi haliufikii ukali huo.

Je, sisi wa Kisii na Nyamira tumo hatarini? Desturi yetu ya kula samaki aliyekaangwa kisha akatokoswa na nyanya ni ngao njema, nasi tusiiache. Ngao hiyo hutoboka tunapokuwa na haraka. Ngege mnene hutumbukizwa katika mafuta yanayowaka, ngozi ikawa nyekundu upesi, kumbe nyama iliyo karibu na mfupa ingali mbichi. Wataalamu hutaka nyuzi 63 za joto katikati ya nyama. Asiye na kipimo na apasue mpaka kwenye uti wa mgongo: nyama iwe nyeupe isiyopenyeza nuru, iachane na mfupa yenyewe, wala pasiwe na damu. Tena kisu na ubao uliokatia samaki mbichi usikatie nyanya za kachumbari kabla ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni. Mpishi naye asionje mchuzi ambao haujachemka.

Sasa naja kwa mzee wa bwawa. Mabwawa mengi nchini yalichimbwa kwa mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009, wa mabwawa 200 katika kila eneo la ubunge lililochaguliwa, nasi hapa karibu tuna kituo cha utafiti wa samaki cha Kegati. Katika ngege wa bwawani huweza kupatikana mnyoo wa rangi ya manjano, kama punje ndogo, chini ya ngozi au karibu na mashavu. Huo hupitia kwa konokono, kisha samaki, kisha ndege. Mara chache sana umemnasa mtu kooni, huko Japani na Korea, baada ya kula samaki mbichi. Mkulima anayejua njia hiyo aweza kuikata.

Afyeke majani ya ukingoni, maana ndiyo nyumba ya konokono. Atandaze wavu juu ya bwawa kuwazuia ndege. Baada ya kuvuna, atoe maji yote, aliache tope likauke mpaka lipasuke, kisha anyunyize chokaa kabla ya kujaza tena. Choo kiwe mbali, mahali ambapo mvua haiwezi kupeleka uchafu bwawani. Wala kinyesi cha binadamu kisitumiwe kamwe kuyarutubisha maji hayo. Vifaranga vya samaki avinunue mahali panapoaminika. Matumbo ya samaki yafukiwe, yasitupwe mtoni wala yasipewe mbwa na paka yakiwa mabichi, kwa kuwa wanyama hao nao huweza kuibeba minyoo ya namna ile ya Thailand na kuirudisha majini.

Ndugu zangu, mashamba yetu ni madogo, na sehemu kubwa imeshikwa na majani chai. Maziwa hayatoshi kila nyumba, na nyama ya ng'ombe ni ghali. Omena huliwa nzima pamoja na mifupa yake, nazo huwapa watoto nyama ya kujengea mwili na chokaa ya kuimarisha mifupa. Mzazi anayewanyima watoto chakula hicho kwa kuogopa mnyoo wa ndege, amewaondolea hatari ndogo na kuwaletea kubwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nami naongeza, mkunje akiwa mbichi, lakini mle akiwa ameiva.

Siku ya soko iliyofuata nilimkuta mama yule amepima gorogoro nyingine. Akacheka, akasema, "Nitazipika mpaka zilie, lakini wewe Bwana Karani utaonja kwanza." Jioni nilikwenda nikaonja mbele ya watoto, na sufuria haikubaki na kitu. Yule mzee naye bado ana bwawa lake. Juma hili alikuwa akitafuta wavu.