Usitupe Mbachao: Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta Kuukuu

Juma hili tumepokea swali kutoka wadi ya Adu, kule Magarini katika kaunti ya Kilifi. Aliyeuliza ni mama mwenye kijana anayesomea uchoraji wa ramani za majengo katika chuo cha ufundi.

Nyumbani wana kompyuta ya mezani ya mitumba, mojawapo ya zile zilizotumika maofisini ng'ambo kisha zikashushwa bandarini Mombasa. Kijana analalamika kwamba programu ya kuchora inakwamakwama, na amemwambia mamake kuwa dawa yake ni kadi ya grafiki. Mama yuko tayari kutoa pesa za zamu yake ya chama. Ila amesita, kwa sababu jirani yake alinunua kadi mjini, ikagoma kuingia kwenye mashine, na mwenye duka akakataa kuipokea tena. Anauliza: anunue kadi, atafute kompyuta nyingine, au anyamaze?

Mama, umefanya vyema kuuliza kabla ya kufungua mkoba. Wahenga walinena, usitupe mbachao kwa msala upitao. Kompyuta ya miaka kumi na zaidi bado yaweza kumfaa mwanafunzi. Lakini kadi ya grafiki si kama balbu, kwamba ukitoa moja na kutia nyingine taa inawaka. Ni lazima iafikiane na mashine kwa mambo kadhaa, na likikosekana moja tu, pesa zako zimekwenda na maji.

Ugonjwa kwanza, dawa baadaye

Kadi ya grafiki kazi yake ni kuchora kile unachokiona kwenye monita. Kompyuta nyingi za ofisi hazina kadi ya pekee. Kazi hiyo hufanywa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa au kwenye madabodi, nayo huazima kumbukumbu ya mashine. Kwa kuandika barua, kusoma masomo ya mtandaoni na kutazama video za kawaida, hiyo inatosha kabisa.

Kadi ya pekee huonyesha faida yake katika michoro ya pande tatu, katika kuhariri filamu, katika michezo, na pale mtu anapotaka kutumia monita mbili au tatu. Michoro bapa ya ramani za nyumba hutegemea zaidi prosesa na kumbukumbu.

Basi kijana na afanye jaribio hili lisilogharimu hata senti. Afungue programu yake ya kuchora na mchoro unaomsumbua. Kisha abonyeze kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litafunguka linaloonyesha jinsi kila kiungo cha mashine kinavyofanya kazi. Kama kumbukumbu imejaa karibu yote, dawa ni kuongeza RAM. Kama diski ndiyo imepanda hadi asilimia 100, dawa ni kutoa ile hadi diski ya kuzunguka na kuweka SSD. Katika hali hizo mbili, kadi hata ya bei ya ng'ombe haitaponya kitu. Ikiwa kumbukumbu na diski zimetulia, na mashine inakwama tu anapozungusha jengo la pande tatu, hapo kadi ina hoja.

Maswali manne ya kubeba mjini

Tuseme jaribio limeonyesha kwamba kadi yahitajika. Kutoka Adu hadi Malindi ni nauli, na Mombasa ni nauli juu ya nauli. Kwa hiyo andika majibu ya maswali haya kwenye karatasi kabla ya kupanda gari.

La kwanza: mashine ina sloti gani? Kompyuta za miaka ya tisini zilitumia PCI, iliyotoka 1992, kisha AGP, iliyotoka 1997. Tangu 2004 hivi zikaja zenye PCI Express, na hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Fungua sanduku utazame sloti ndefu kuliko zote yenye kilimi cha kubana mwishoni. Kadi ya PCI Express haiingii kwenye AGP hata ukiisukuma kwa nyundo. Lakini PCI Express mpya hufanya kazi kwenye sloti ya PCI Express ya zamani, ingawa baadhi ya kadi hupunguza kasi.

La pili: sanduku ni pana au jembamba? Bati la nyuma ya kadi ya kawaida lina urefu wa sentimita 12 hivi. Masanduku membamba ya ofisi hutaka kadi fupi yenye bati la sentimita 8 hivi. Chukua rula upime nafasi iliyopo, urefu na upana, kwa maana nyingine zina feni nene inayoziba sloti ya jirani.

La tatu: pawa saplai ina nguvu kiasi gani? Masanduku mengi membamba ya ofisi huwa na pawa saplai ya wati 240 hivi. Sloti yenyewe hutoa wati 75 tu, na kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wake kutoka kwenye pawa saplai, waya ambao mashine nyingi za ofisi hazina. Kwa hiyo tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada. Mifano ni GeForce GT 1030 ya 2017, inayotumia wati 30 hivi, GTX 750 Ti ya 2014, inayotumia wati 60, na nyingi za aina ya GTX 1050 Ti ya 2016, zenye wati 75.

Wenye kutumia sola wazingatie hesabu hii pia. Kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa 4 hula wati-saa 300 peke yake, kabla hujahesabu monita na prosesa. Betri iliyokuwa ikiwasha taa hadi alfajiri yaweza kukuacha gizani saa tatu usiku.

La nne: monita ina tundu gani? Monita za zamani hutumia ule waya wa VGA wenye kichwa cha buluu na vipini 15. Kadi nyingi za GT 710 na GT 730 bado zina tundu hilo. GT 1030 na GTX 1050 Ti hazina. Zina HDMI na aina nyingine za kidijitali. Itabidi ununue kigeuzi kinachobadilisha HDMI kuwa VGA, ama ubaki na kadi nzuri na monita nyeusi kama chungu.

Mbuzi guniani

Hata ukiwa na majibu yote, jihadhari dukani. GT 1030 iko ya aina mbili zenye jina moja. Ya kwanza ina kumbukumbu ya GDDR5. Ya pili, iliyotolewa 2018, ina kumbukumbu ya DDR4, ambayo hupitisha data kwa kiasi cha thuluthi moja tu ya ile ya kwanza. Jina la mbele ya kikasha ni lile lile, tofauti imeandikwa kwa herufi ndogo. Soma herufi ndogo.

Tena ziko kadi za uongo. Walaghai huchukua kadi ya miaka mingi, wakabadilisha maandishi yaliyomo ndani yake ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Windows itaonyesha jina hilo la kujipachika bila wasiwasi. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z husaidia kuzifichua, nayo tangu 2018 imekuwa na uwezo wa kutia alama kadi nyingi za aina hiyo. Njia iliyo salama zaidi ni kubeba sanduku lako hadi dukani, kadi ifungwe na iwashwe mbele ya macho yako, kisha upewe risiti yenye maneno ya kurudisha. Muuzaji asiyekubali majaribio amekwisha kukujibu.

Siku ya kufunga

Kazi yenyewe haichukui hata saa moja, na haihitaji zaidi ya bisibisi ya nyota na mkono mtulivu. Kabla ya kuzima, ondoa draiva ya kadi ya zamani kama ilikuwapo. Kisha zima kompyuta, chomoa waya ukutani, halafu bonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa bati la sanduku kwa mkono kabla ya kugusa kadi, maana umeme tuli wa mwilini huweza kuua chombo bila hata cheche kuonekana.

Ondoa kibati kinachoziba nafasi ya nyuma. Pangusa vumbi kwa brashi laini. Shika kadi kwenye kingo zake, usiguse meno ya dhahabu, na uisukume wima ndani ya sloti mpaka usikie kilimi kikilia. Funga skrubu. Sasa waya wa monita uutoe mahali pake pa zamani na uuchomeke kwenye kadi mpya. Wengi husahau hapa, wakaiona skrini imekufa na kudhani wametapeliwa.

Ukiwasha na skrini ikabaki nyeusi, zima, toa kadi, uirudishe kwa makini. Ikikataa tena, rudisha waya wa monita mahali pa zamani uone kama mashine bado nzima. Madabodi nyingine za zamani hazielewani na kadi za kisasa zinazotaka mfumo wa UEFI. Hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea kadi ya umri ulio karibu na wa mashine yako.

Mkalimani aitwaye draiva

Mara ya kwanza herufi zitatokea kubwa na picha zitakuwa za mkwaruzo. Usishtuke. Kadi imeingia, lakini haina mkalimani. Draiva ni programu inayotafsiri maagizo ya Windows kwa lugha ambayo kadi inaielewa, na kila kadi ina yake.

Draiva ichukuliwe kwenye tovuti ya mwenye kutengeneza kadi, yaani NVIDIA, AMD au Intel. Epuka programu zinazojitangaza kukutafutia draiva zote kwa mara moja. Nyingi huleta takataka, na nyingine virusi. Faili hizi ni nzito, baadhi hupita megabaiti 500, kwa hiyo kwa aliye mbali na intaneti nzuri ni afadhali kuzipakua saiba mjini na kuzibeba kwa flashi.

Kabla ya kupakua, ujue Windows yako ni toleo gani, na ni ya biti 32 au 64. NVIDIA iliacha kutengeneza draiva mpya za biti 32 mwaka 2018. Kwa kadi za GT 1030, GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti, kampuni hiyo ilitangaza mwaka 2025 kwamba draiva za maboresho zingekoma Oktoba mwaka huo, na za usalama pekee kuendelea hadi Oktoba 2028. Nayo Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kadi mpya haibadilishi umri wa prosesa.

Neno kwa mama wa Adu

Ushauri wetu basi ni huu, mama. Mwombe kijana alete matokeo ya lile jaribio la vidole vitatu, si maneno ya rafiki zake. Kumbukumbu ikiwa ndiyo inayoisha, nunua RAM. Diski ikiwa ndiyo inayokwama, nunua SSD. Akithibitisha kuwa ni kadi, mpe nauli, karatasi ya majibu manne na sanduku lenyewe, aende akafungiwe huku akiona.

Na ikiwa prosesa yenyewe ndiyo iliyochoka, usitie hata shilingi moja. Weka zamu ya chama mpaka utakapoongeza, mnunue kompyuta ya mtumba iliyo na umri mdogo. Kumnyima mtoto kadi leo si kumnyima masomo. Kumnunulia isiyofaa ndiko kutakakomnyima vyote viwili.

Hadi Jumapili ijayo, tuandikie ukiwa na lako. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.