Ufukara si Kosa la Jinai



Katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama, kijana aweza kufanya kazi duarani miezi kadhaa bila kushika shilingi. Hana mshahara, hungojea mgao wa mawe, na mawe yasipotoa dhahabu huondoka mikono mitupu. Akikutwa barabarani usiku, bila karatasi wala mtu wa kumtambua, huitwa mzururaji. Na lafudhi yake ikiwa ya Kirundi au ya Kinyarwanda, huongezewa jina la pili: mhamiaji haramu.

Jina lile la kwanza tumelirithi. Waingereza walitunga sheria ya uzururaji kwao mwaka 1824, kisha wazo lake likaenea katika makoloni yao. Hapa Tanganyika, sheria ya mwaka 1923 kuhusu watu mafukara ilimruhusu hakimu kumhoji mtu asiye na kazi wala njia dhahiri ya kujipatia riziki, na kuamuru arudishwe kwao. Mkoloni aliondoka, lakini wazo hilo likabaki katika vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu.

Ubaya wa sheria za namna hii ni kwamba humhukumu mtu kwa hali yake, si kwa tendo lake. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi wanachama zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta.

Hatusemi kwamba dola isilinde mipaka yake. Mwizi naye ashtakiwe kwa wizi wake. Lakini katika Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyoendeshwa Kagera, Kigoma na Geita, waliondolewa hata watu waliokuwa wameishi nchini miaka mingi, wakaacha nyuma wake na watoto.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, kazi yetu yaanzia hapa. Mgeni akikamatwa, twende kituoni siku hiyohiyo. Tuulize ametenda kosa gani. Tukumbushe kwamba apaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, nasi tuwe tayari kumdhamini. Tusipomjua jina yule anayesali pamoja nasi, nani atamtambua?

Siku ya hukumu tutaulizwa kama tulimkaribisha mgeni. Hatutaulizwa kama alikuwa na kitambulisho.