Madoa ya Kanga Kuchani

Wapo wanaowalaumu wasichana wa Mji wa Kale, Mombasa, kwa kujichora milia ya pundamilia na madoa ya chui kuchani, wakidai kwamba huo ni uigaji wa kigeni usio na mizizi Uswahilini. Dai hilo lina sura ya uzalendo, lakini halijaipitia historia ya mavazi ya Waswahili wenyewe.

Nguo iitwayo kanga, ambayo hadi leo huuzwa kwa jozi katika Mtaa wa Biashara kisiwani humo, inasimuliwa kuwa ilipata jina lake katika karne ya 19 kutokana na ndege kanga, kwa kuwa vitambaa vya awali vilikuwa na madoa mfano wa manyoya yake. Mdomo na miguu ya ndege havikuhitajika, madoa yalitosha. Mwanafunzi wa fasihi ataitambua mbinu hiyo mara moja: sehemu husimama badala ya kizima. Na katika jamii ya Kiislamu, ambamo wengi huepuka kuchora kiumbe chenye roho, mbinu hiyo si pambo tu, bali ni njia ya kumtaja mnyama pasipo kumchora.

Basi kucha nazo zifuate mkondo huo. Msichana aliye nyumbani kwao Kibokoni hahitaji saluni. Hupaka rangi nyeusi, akaiacha ikauke barabara, kisha akachovya ncha ya kijiti cha meno katika rangi nyeupe na kudonoa, kama kuku adonoavyo mtama. Kanga kapatikana. Chui ana kazi zaidi, maana madoa yake ni pete zilizokatikakatika. Anayeyajaza amechora duma, kosa ambalo hata baadhi ya wasomi hulifanya wanapowataja wanyama hao wawili.

Ipo hoja nzito kuliko ya uigaji: rangi ya kucha hufanya utando unaozuia maji ya udhu, hali hina huacha rangi tu. Hoja hiyo ni ya haki, na wanawake wenyewe wamekwisha kuijibu. Wapo wapakao rangi siku wasizosali, na siku nyingine hudonoa madoa yale yale kwa hina juu ya ukucha mtupu. (Piko ya kupaka nywele isitumiwe badala yake, kwani huweza kubabua ngozi.) Doa la hina halifutiki kwa dawa, husogea kadiri ukucha unavyokua, hadi likakatwa kwa mkasi.