Vijana Wetu na Mashindano ya Biashara katika Televisheni



Katika mitaa ya Temeke, Ubungo na Kinondoni, kama vile Tandika, Mbagala, Manzese na Tandale, vijana wengi hujitafutia riziki kwa biashara ndogo. Huyu akaanga mihogo, yule ashona nguo, na mwingine atembeza maji ya kunywa vituoni. Kazi hizo ni za heshima, wala hatuzidharau. Lakini imezuka desturi ya kuwatwaa vijana wa namna hiyo, kuwashindanisha katika televisheni, na kumsifu mmoja wao kuwa hodari kuliko wenzake. Watu wengi hushangilia. Sisi twauliza: Je, vijana hao hutendewa haki?

Mfano upo hapa hapa kwetu. Mwaka 2011 shirika la Femina Hip, lijulikanalo kwa jarida lake la Fema, lilionyesha mashindano yaitwayo Ruka Juu. Vijana 6 wenye biashara zao walishindana mbele ya taifa kwa muda wa karibu miezi 3. Mwaka 2017 yakaonyeshwa mengine ya ukulima, Don't Lose the Plot, ambamo vijana 4, wawili wa Kenya na wawili wa Tanzania, walipewa kila mmoja shamba la eka moja, ili ionekane ni nani atakayepata faida kubwa. Nia ya michezo hiyo ilikuwa kufundisha, nayo ni nia njema. Lakini nia njema peke yake si haki.

Watetezi wa mashindano ya namna hii husema, "Hakuna aliyelazimishwa. Kijana aliridhia mwenyewe, akapata mafunzo na jina." Maneno hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Kijana mwenye mtaji mdogo akiletewa karatasi ya mapatano na wakubwa wenye kamera, huogopa kuuliza neno, asije akaachwa na nafasi yake apewe mwingine. Ridhaa ya namna hiyo ni ridhaa ya mwenye njaa aliyeonyeshwa chakula.

Kwanza, tufikiri juu ya siku zake. Siku anayoshinda mbele ya kamera, genge lake lafungwa au laachwa mikononi mwa mtu mwingine, na mteja huenda kwa jirani. Atakayeshinda atalipwa kwa zawadi. Je, walioshindwa hulipwa nani?

Pili, ipo heshima yake. Sokoni, mtu akikosea hesabu hupoteza fedha ya siku moja, na kesho husahauliwa. Katika televisheni kosa lake hutazamwa na wateja, wakopeshaji na wakwe, nalo huhifadhiwa lirudiwe tena na tena. Wazee walisema biashara haigombi. Bali mchezo huu hauna ladha bila ugomvi, machozi na kushindwa.

Tatu, ni nani apatae faida? Watazamaji wakiwa wengi, matangazo huwa mengi. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Lakini liko jambo lituumizalo sisi walimu kuliko hayo yote. Wataalamu waliichunguza Ruka Juu kwa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Baadhi ya wanafunzi walivutwa kuutazama mchezo huo, wengine hawakuvutwa. Kweli, zilionekana dalili kwamba wale waliovutwa walipendezwa zaidi na biashara, hasa wasichana. Lakini walifanya vibaya zaidi shuleni, na baadaye wachache zaidi kati yao waliendelea na masomo. Wala haukuonekana ushahidi mwingi kwamba walizidi kumiliki biashara. Basi waliacha kilicho mkononi, na walichokifuata hawakukipata sawasawa.

Kwa nini ikawa hivyo? Sisi twaona sababu ni hii: ushindi huonekana upesi, bali miaka ya jasho haionekani. Mtoto hujifunza kwamba biashara ni ujasiri tu mbele ya watu. Hajui kwamba ni kuamka alfajiri, kuandika kila senti, na kuvumilia mwezi mbaya. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari huanzia darasani.

Hatutaki mashindano yafutwe. Twataka yawe ya haki. Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, na kijana apewe siku za kuyasoma pamoja na mzazi au mtu mzima amwaminiye. Kila mshindani alipwe kwa siku alizotumia, ashinde asishinde. Aonyeshwe picha zake kabla hazijatangazwa, naye aweze kukataa jambo liwezalo kumharibia jina. Mashindano yakiisha, wote wasaidiwe kwa mwaka mmoja, si mshindi peke yake. Na kila mchezo useme wazi kwa wanafunzi: Maliza shule kwanza.

Nanyi wazazi, mtoto wenu akija na karatasi ya mashindano, msishangilie kabla ya kuisoma. Ulizeni: Atakula nini siku hizo? Akishindwa, atarudi na nini? Asiyeweza kuyajibu maswali hayo mawili hastahili kukabidhiwa mtoto wa mtu.