Tujifunze Kiingereza: "Mine" ni mgodi, "mine" ni yangu

Vijana wa Kibua, neno la mwezi huu ni "mine". Kifaransa kinaliandika vilevile, lakini kwa Kiingereza tunalitamka "main".

Kwanza ni mgodi, kama ule wa kasiterite kule Bisie. Hapo linataka "a" ama "the" mbele yake: "the mine". Na "to mine" ni kuchimba madini.

Pili ni yangu, langu, changu. Hapa muangalie sana! "My" inatangulia jina: "my hoe", jembe langu. "Mine" inasimama peke yake: "This hoe is mine", jembe hili ni langu. Usiseme "mine hoe", hapana.

Tatu ni bomu la kufichwa udongoni. Ukikuta chuma usichokijua njiani, usikiguse, ita wakubwa.

Sasa soma: "The mine is mine", mgodi ni wangu. Sarufi ni sawa, lakini nani anaweza kusema hivyo? Sheria ya madini ya mwaka 2002 inasema madini ya chini ni ya Serikali, hata kama baba yako analima juu yake. Na katika Hagai 2:8, Biblia ya Kiingereza inatumia neno hilohilo: Mungu anasema fedha na dhahabu ni zake. Basi, ndugu wa tumbo moja wasipigane juu ya shimo.

Zoezi: andika kwa Kiingereza, "Kitabu hiki ni changu." Hicho hakuna atakayekunyanganya ukiisha kukisoma.